Kabla ya Kugusa Kabureta

Swali ni lile lile, hubadilika maneno tu. Mtu amenunua gari la Kimarekani la miaka ya sitini. Limekaa bandani miaka kadhaa bila kuwashwa, limeletwa nyumbani juu ya trela, na sasa limeegeshwa mbele ya mlango. Aanze wapi? Wengi wanaouliza wanaishi Marekani na Kanada, ambako nyumba nyingi zina gereji zake na baridi humfungia mtu ndani miezi mizima. Wachache wako Nairobi. Na karibu wote, wanapouliza, huwa wameshanunua kabureta mpya.

Kabureta ingesubiri. Gari la miaka sitini lina kazi kadhaa zinazotangulia, na mpangilio wa kazi hizo ndio unaoamua kama litatembea mwaka huu au litageuka kuwa meza ya kuwekea makopo ya rangi.

Ili maelezo yasielee hewani, makala hii inashika gari moja: Ford Mustang ya 1965 na 1966. Mustang ilionyeshwa kwa umma tarehe 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, kwa bei ya kuanzia dola 2,368, na kufikia Machi 1966 zilikuwa zimeshatengenezwa milioni moja. Kwa sababu ya wingi huo vipuri vyake bado vinapatikana, na magonjwa yake yanajulikana moja baada ya jingine. Mwenye Chevrolet au Plymouth atabadilisha vipimo, lakini mpangilio wa kazi utabaki huu huu.

Mifupa ya Mustang ilitoka kwa Ford Falcon, gari la familia la bei nafuu. Gari jingine la ukoo huo, Mercury Comet, lina historia Afrika Mashariki. Machi 1964, wiki chache tu kabla ya Mustang kuonyeshwa, kikosi cha Comet zenye injini ya V8 kiliingia kwenye Safari Rally na kupambana na matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Ni mbili tu zilizofika mwisho, na moja iliendeshwa na Joginder Singh, ambaye mwaka uliofuata alishinda mbio hizo akiwa na Volvo. Kwa hiyo chuma cha aina hii kiliwahi kupigwa na barabara zetu.

Namba kwanza, vipuri baadaye

Kosa la kwanza hufanyika kabla spana haijashikwa: kuagiza vipuri kwa kutaja mwaka wa gari peke yake. Mustang ya 1965 yenye silinda sita na ile yenye V8 zinafanana kwa sura, lakini chini ni magari mawili tofauti. Ya silinda sita ina nati nne kwenye kila gurudumu na dramu za breki za inchi 9. Ya V8 ina nati tano na dramu za inchi 10.

Namba ya gari imepigwa kwenye chuma cha ndani cha bawa la mbele, upande wa dereva, na iko pia kwenye kibati cha mlango. Ikianza na 5F07C, husomwa hivi:

- 5 ni mwaka wa 1965.
- F ni kiwanda cha Dearborn. R ni San Jose, na T ni Metuchen.
- 07 ni gari la paa la chuma. 08 ni la paa la kukunja, na 09 ni lile la mgongo wa mteremko.
- C ni injini ya V8 ya inchi za ujazo 289 yenye kabureta ya matundu mawili. T mahali hapo ni silinda sita ya 200.

Herufi hiyo ya mwisho si ya kujisifia kwenye maonyesho tu. Gari likiwa na T mahali hapo kwenye namba, halafu chini ya boneti kumekaa V8, maana yake mtu aliwahi kubadilisha injini. Nati za magurudumu zihesabiwe palepale. Zikiwa nne, gari lina nguvu za V8 na breki za silinda sita, na halifai kuingia barabarani mpaka hilo lirekebishwe.

Namba za vipuri vya Ford nazo zinasomeka. Kipuri kinachoanza na C5ZZ: C ni miaka ya sitini, 5 ni mwaka wa 1965, na Z ya kwanza ni Mustang. Muuzaji akileta kitu chenye D mwanzoni, hicho kilibuniwa miaka ya sabini. Huenda kikaingia, huenda kisiingie; aulizwe kabla ya kulipwa.

Kinunuliwe pia kitabu cha warsha cha Ford cha mwaka huohuo wa gari. Kimechapishwa upya na si ghali. Video za mtandaoni husaidia kuona mkono unavyokwenda, lakini vipimo vitoke kitabuni.

Zana: inchi, si milimita

Aliyejifunzia ufundi kwenye Toyota ana seti nzuri ya milimita, na atataka kuitumia. Baadhi zitakubali: 13 hukaa vizuri kwenye nati ya nusu inchi, 19 kwenye ya robo tatu, na 8 kwenye ya 5/16. Tatizo ni ya 9/16, ambayo imejaa gari zima. Spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza, na nati iliyoshikwa na kutu kwa miaka arobaini huliwa pembe kwa mara moja tu.

Vya kuwa navyo tangu mwanzo:

- soketi na spana za inchi, kuanzia 3/8 hadi 3/4;
- spana maalumu za nati za bomba la breki, zinazokumbatia nati karibu yote (3/8 na 7/16 zinatosha kwa kuanzia);
- spana ya toki;
- fila geji, multimita na taa ya taimingi;
- geji ya kompresheni na geji ya vakyumu.

Hizo geji mbili za mwisho hupuuzwa na wengi, nazo ndizo zitakazookoa fedha kuliko zana nyingine yoyote ndani ya boksi.

Chini ya gari

Mustang haina fremu kamili ya lori. Bodi yenyewe ndiyo fremu, pamoja na vipande viwili vya chuma mbele na viwili nyuma. Jeki ikiwekwa kwenye sakafu itaitoboa. Jeki iinue kwenye chuma kinene cha mbele au chini ya difu, halafu gari likalie stendi mbili imara, juu ya sakafu ya zege. Lami hulainika kwa jua na stendi huzama.

Yasiyojadiliwa:

- Matofali ya saruji hayabebi gari. Hupasuka ghafla, bila kuonya.
- Gari litikiswe kwa nguvu likiwa juu ya stendi kabla ya mtu kuingiza kichwa chini yake.
- Injini haiwashwi mlango wa gereji ukiwa umefungwa, hata nje kukiwa na theluji. Moshi wa ekzosi una gesi isiyo na harufu, na gesi hiyo huua.
- Vumbi la dramu za zamani linaweza kuwa na asbestosi. Lisipulizwe kwa upepo wala kufagiwa. Lilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa cha kutupa.
- Springi za mbele za Mustang hukaa juu ya mkono wa juu wa sasipensheni, zimebanwa kwa nguvu inayoweza kuvunja taya la mtu. Kifaa chake maalumu cha kuzibana kikikosekana, kazi hiyo ipelekwe kwa fundi.

Breki kabla ya injini

Msomaji atapinga: injini haijawaka, breki za nini? Jibu ni kwamba injini ikishawaka hakuna atakayeweza kungoja. Gari litasogezwa kidogo, kisha hadi getini, kisha litazunguka mtaa, na dereva atagundua kwenye kona ya kwanza kwamba pedali imezama hadi sakafuni.

Mustang za 1965 na 1966 zilitoka kiwandani na masta silinda ya chumba kimoja. Bomba moja likipasuka, popote lilipo, magurudumu yote manne hupoteza breki kwa pamoja. Kuanzia modeli ya 1967 Ford iliweka ya vyumba viwili, ili mbele kukiharibika nyuma kubaki. Kubadilisha masta silinda ya zamani kwa ya vyumba viwili ni kazi ya siku moja au mbili, na vifaa vyake vinauzwa tayari. Wapo wanaokataa kwa sababu gari halitabaki kama lilivyotoka kiwandani. Gari la makumbusho libaki hivyo. Gari litakalopakia watoto lipewe vyumba viwili.

Utaratibu unaofaa ni huu:

1. Dramu zote zifunguliwe, na kingo za mpira za silinda ndogo za magurudumu zikunjuliwe kidogo. Kukiwa na unyevu ndani, silinda hiyo ibadilishwe, na mwenzake wa upande wa pili pia.
2. Mipira mitatu ya breki, miwili ya mbele na mmoja wa nyuma, ibadilishwe bila kujadili. Mpira wa zamani huonekana mzima nje huku ndani umevimba na kuziba. Gurudumu linalobaki limeshikwa baada ya pedali kuachiwa mara nyingi huwa na ugonjwa huu.
3. Mabomba ya chuma yafuatwe kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Penye kutu ya magamba, bomba zima litoke, lisiungwe.
4. Shuu zibadilishwe upande mmoja kwa wakati, ili upande wa pili ubaki kuwa mfano wa kutazama. Shuu yenye laini fupi hukaa mbele, yenye ndefu nyuma. Skrubu ya nyota ya kushoto na ya kulia zina gruvu zinazokwenda kinyume. Zikichanganywa, breki zitajilegeza badala ya kujikaza.
5. Mafuta ya breki ya DOT 3 yamiminwe kutoka chupa mpya, kisha hewa itolewe: nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto.

Kutoa hewa kunahitaji watu wawili wanaosikilizana. Mmoja anakanyaga na kusema "nimeshika", mwingine anafungua nati ya kutolea hewa, mafuta yanatoka na mapovu, anaifunga, kisha anasema "achia". Pedali ikiachiwa kabla nati haijafungwa, hewa hunyonywa tena na kazi huanza upya. Chombo cha juu kitazamwe baada ya kila mikanyago michache, kisije kikakauka.

Mafuta ya breki huchubua rangi, kwa hiyo ndoo ya maji iwe karibu. Na DOT 5 ya silikoni isichanganywe kamwe na DOT 3, hata kwa tone.

Kuamsha injini iliyolala

Hamu ya kugeuza ufunguo siku ya kwanza ni kubwa, na imeua injini nyingi. Pete za pistoni huwa zimekauka, na pengine mojawapo imeshikana na ukuta wa silinda. Stata haina huruma.

- Petroli yote ya zamani itolewe na itupwe inavyotakiwa kisheria. Ikinuka kama vanishi, tangi litolewe na kusafishwa. Kwenye Mustang tangi ndilo sakafu ya buti: huchomolewa kutoka juu baada ya skrubu za pembeni kufunguliwa na mpira wa kujazia kuachanishwa.
- Plagi zote zitoke, na kijiko kidogo cha oili kimiminwe kwenye kila tundu. Iachwe usiku mzima.
- Asubuhi injini izungushwe kwa mkono, kwa soketi kwenye bolti ya puli ya mbele, mizunguko miwili kamili. Ikigoma, isilazimishwe. Iongezwe oili na siku nyingine mbili.
- Oili na filta vibadilishwe. Injini ya 289 hunywa kwoti 5 pamoja na filta.
- Plagi zikiwa bado nje, stata izungushe injini mpaka geji au taa ya oili ionyeshe kwamba presha imefika. Hapo ndipo plagi zirudi.

Gari likiwaka, mtu mmoja akae kwenye usukani na mwingine asimame kando na kizimamoto, akitazama kila kiungo cha petroli. Mipira ya petroli ya zamani haikutengenezwa kwa ajili ya ethanoli, ambayo siku hizi huwa hadi asilimia 10 ya petroli nyingi za Marekani. Hulainika, hupasuka, na hudondoka juu ya injini ya moto. Mpira mpya uwe na maandishi ya SAE 30R7 au 30R9 ubavuni.

Injini inamisi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Gari linamisi, linazima kwenye taa nyekundu, halivuti mlima. Mwenye gari anaamini ni kabureta kwa sababu kabureta inaonekana. Mafundi wakongwe wa Marekani wanaamini kwamba matatizo mengi ya kabureta hutoka kwenye umeme wa plagi, na aliyewahi kufuata mpangilio huu atakubaliana nao.

*Kwanza kompresheni.* Injini iwe ya moto, plagi zote nje, kabureta wazi kabisa. Silinda nane zipimwe na kuandikwa. Kinachotazamwa zaidi ni tofauti kati yake: ya chini kabisa isipungue robo tatu ya ile ya juu. Silinda ikiwa dhaifu, imiminwe oili kidogo na ipimwe tena. Ikipanda, pete zimechakaa. Isipopanda, shaka iende kwenye valvu au gasketi. Mwenye matokeo mabaya hapa asimamishe mengine yote, maana hakuna kabureta itakayotibu valvu iliyoungua.

*Pili distributa.* Ndani yake mna pointi, vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili kuzalisha cheche. Kwenye V8 ya 289 nafasi kati yake ni inchi 0.017, na nafasi ya plagi ni inchi 0.034. Pointi zikiwa zimetoboka kama ngozi yenye ndui, zibadilishwe pamoja na kondensa. Kijiwe kinachosugua kamu kipakwe grisi yake kidogo sana. Kikikauka huchakaa, nafasi hufunga na gari huzima njiani.

Waya za plagi nazo zina mtego. Mpangilio wa kuwaka wa 289 ni 1-5-4-2-6-3-7-8, na distributa huzunguka kinyume cha saa. Silinda ya 1 hadi ya 4 ziko upande wa abiria, ya 5 hadi ya 8 upande wa dereva kwa gari la usukani wa kushoto. Rafiki mwenye uzoefu wa Chevrolet atazipanga kwa desturi ya kwao, namba witiri upande mmoja na shufwa upande wa pili, na gari litapiga mizinga. Tena, kama injini ilishabadilishwa na kuwekwa ile ya 5.0 HO ya miaka ya themanini, mpangilio ni 1-3-7-2-6-5-4-8. Namba zilizoandikwa kwenye chuma cha injini zisomwe kabla ya kubahatisha.

*Tatu taimingi.* Mpira wa vakyumu wa distributa uchomolewe na uzibwe, injini ikiwa inanguruma polepole, kisha taa ielekezwe kwenye alama ya puli. Kwa 289 ya kabureta ya matundu mawili lengo ni digrii 6 kabla ya pistoni kufika juu kabisa. Kusahau kuuziba mpira huo ni kosa la kila siku.

*Nne vakyumu.* Injini nzima, isiyoongezwa nguvu, ikinguruma polepole kwenye usawa wa bahari huonyesha inchi 17 hadi 21 na sindano imetulia. Sindano ikiwa chini lakini tulivu, taimingi huenda imechelewa au hewa inaingia mahali. Ikirukaruka kwa mapigo yanayolingana, valvu ishukiwe. Kuitafuta hewa inayovuja, kipande cha mpira mtupu kinatosha: ncha moja sikioni, nyingine ikizungushwa kwenye kingo za manifoldi, na mluzi husikika.

Kwa walioko kwenye mwinuko, geji hupungua karibu inchi moja kwa kila futi 1,000. Denver iko futi 5,280 juu ya bahari, na Nairobi iko juu zaidi kidogo. Mwenye gari wa Nairobi anayeona inchi 13 asivunje injini yake. Hewa ya hapo ndivyo ilivyo.

*Sasa kabureta.* Injini ikiwa imezimwa, kifuniko cha chujio kiondolewe na mkono wa akselereta usukumwe huku mtu akitazama ndani kwa tochi. Mikondo miwili myembamba ya petroli iruke palepale. Isiporuka, kiwambo cha mpira cha pampu kimekauka, na gari litasita kila likikanyagwa. Kabureta ya Autolite 2100, iliyokuja na gari, ni imara na rahisi. Kiwambo, gasketi na kusafishwa huirudisha kazini kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya.

Gari linachemsha

Kwenye gereji nyingi za Dar es Salaam na Nairobi, gari likichemsha, thermostati hutolewa na kutupwa. Desturi hiyo imevuka bahari pamoja na baadhi ya wasomaji. Huko Michigan au Ontario, bila thermostati injini haifikii joto lake, oili hukusanya unyevu, petroli huliwa ovyo, na hita hupuliza baridi Januari.

Vichunguzwe hivi: kifuniko cha rejeta, mkanda wa feni, taimingi iliyochelewa, na mpira wa chini wa rejeta, ambao hunyonywa na kubonyea mwendo ukikaza kama springi yake ya ndani imekwisha kutu. Rejeta yenyewe ipapaswe gari likiwa limezimwa na feni imesimama: sehemu iliyo baridi katikati ya zilizo moto imeziba. Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Maji yachanganywe nusu kwa nusu na dawa ya kuzuia kuganda, na yanayomwagika yafutwe mara moja, kwa sababu yana ladha tamu na huua mbwa na paka.

Umeme, kwa ufupi

Taa hafifu, stata inayovuta kwa uvivu, geji zinazocheza: kabla ya kununua chochote, itazamwe njia ya umeme wa hasi kurudi kwenye betri. Multimita iguse nguzo ya hasi ya betri na chuma cha injini huku stata ikizunguka. Ikisoma zaidi ya volti 0.2 hivi, waya au viungo vya hasi vina kutu. Visuguliwe mpaka ving'ae. Betri iliyopumzika isome 12.6, na injini ikiwa inaunguruma isome kati ya 13.8 na 14.7.

Geji ya petroli na ya joto zikikosea kwa pamoja, mgonjwa ni kidhibiti kidogo nyuma ya dashibodi kinachozilisha zote mbili. Zisijaribiwe kwa volti 12 za moja kwa moja, zitaungua.

Na ule waya wa waridi unaotoka kwenye swichi ya ufunguo kwenda koili si waya wa kawaida. Umetengenezwa kupunguza umeme ili pointi zisiungue. Anayeweka mfumo wa elektroniki badala ya pointi asome kwanza maelekezo ya kifaa kuhusu waya huo. Anayebaki na pointi asiukate.

Oili na hofu ya risasi

Wasiwasi wa petroli isiyo na risasi umekuzwa. Marekani iliipiga marufuku petroli ya risasi kwa magari ya barabarani kuanzia 1996, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzoni mwa 2006. Injini hizi zimetembea bila risasi muda mrefu. Viti vya valvu huchakaa zaidi kwa mwendo mkali wa masaa mengi, kwa hiyo viti vigumu viwekwe siku silinda hedi itakapofunguliwa kwa sababu nyingine.

Jambo la oili ni zito zaidi. Kamshafti za injini hizi husuguana na tapeti bapa, na kinachozilinda ni zinki na fosforasi, ambazo zimepunguzwa kwenye oili za magari mapya. Inunuliwe oili iliyoandikwa kuwa ni ya injini za kale zenye tapeti bapa.

Kutu inayojificha

Chini ya kioo cha mbele, Mustang ina chumba cha kupitishia hewa chenye matundu juu. Majani huingia, maji hukaa, chuma huoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Kipimo chake ni cha kizamani: magazeti yatandazwe sakafuni mbele, maji yamiminwe taratibu kwenye matundu, na mtu alale chini ya dashibodi na tochi. Matone yakidondoka, sakafu mpya itakayowekwa itaoza kama ya kwanza, kwa hiyo chumba hicho kitengenezwe kabla ya sakafu. Ni kazi kubwa, ya kung'oa madoa ya kuchomelea kwa makumi.

Sumaku iliyofungwa kitambaa ipitishwe kwenye mabawa na chini ya milango. Isiposhika, hapo pana putty nene badala ya chuma. Bisibisi igongwe kwenye vyuma vya chini. Ikitoboa, ni afadhali imetoboa sasa.

Gari la paa la kukunja lina onyo lake. Kabla ya kukata hata kipande cha sakafu, milango ifungwe kwa vyuma vya muda vilivyochomelewa kutoka nguzo hadi nguzo. Wasiofanya hivyo hukuta bodi imelegea katikati, na milango haifungi tena.

Safari ya kwanza

Tairi zitazamwe tarehe: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2314 ni wiki ya 23 ya 2014. Tairi yenye namba ya tarakimu tatu ilitengenezwa kabla ya 2000. Itupwe hata ikiwa na meno mapya.

Safari iwe ya maili mbili au tatu, mchana, mtaani, bila abiria. Gari likirudi nyumbani, nati za magurudumu zikazwe tena kwa spana ya toki, kila dramu ipimwe joto kwa kiganja bila kuigusa, na inayochoma kuliko wenzake ifunguliwe. Kisha karatasi kubwa za boksi zitandazwe chini ya gari usiku kucha. Doa jekundu katikati ni mafuta ya gia otomatiki. La kijani mbele ni maji ya rejeta. Jeusi nyuma ya injini mara nyingi hutoka kwenye vifuniko vya valvu na kutiririka chini, kwa hiyo lifuatwe kutoka juu kabla ya kulaumu sili ya nyuma. Na kama pana unyevu mwembamba upande wa ndani wa gurudumu lolote, ufunguo wa gari uwekwe kabatini mpaka dramu hiyo ifunguliwe.